Kuizunguka Lisbon kwa Miguu kwa Siku Moja, kwa Kuifuata Dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umekaa ukingoni mwa mto Tejo, mahali ambapo mto huo hupanuka hata ng'ambo ya pili ikaonekana kwa mbali kama kisiwa, kisha hujibana tena kabla ya kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Maji hayo hujaa na kupwa, na upepo wa jioni huleta harufu ya chumvi mpaka katikati ya mji, kwa hiyo msafiri aliyekulia Mombasa, Kilwa au Unguja hujikuta amefika mahali ambapo mwili wake unapafahamu kabla macho hayajapazoea.

Wageni wengi huanza siku yao katika ngome iliyo juu ya kilima na kumalizia Belém, upande wa magharibi, wakiwa wamekwisha kuchoka. Ushauri wangu kwa msomaji wa Kiswahili ni kuigeuza njia hiyo. Anza Belém asubuhi, zilikong'oa nanga merikebu zilizofika kwetu mwaka 1498; fuata ukingo wa mto kuelekea mashariki hadi katika jumba la makumbusho linalohifadhi dhahabu iliyotoka Kilwa; kisha, baada ya chakula cha mchana, panda mjini polepole na umalizie siku kwenye vilima vya mashariki wakati jua linapotua. Njia nzima ni kiasi cha kilomita 12, na mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaiweza, mradi asiharakishe na akubali kupanda tramu pale miguu inapokataa.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni viatu. Njia za Lisbon za waendao kwa miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono katika michoro ya mawimbi, nyota na maua. Ni kazi ya kupendeza sana, lakini nyayo za watu wa vizazi vingi zimeyalainisha mawe hayo, na mvua kidogo tu huyafanya yateleze kama sabuni. Vaa viatu vyenye soli ya mpira iliyo na meno, na usijaribu kabisa kandambili wala viatu vya ngozi laini. Vijiti vya kutembelea vinawasaidia wazee, hasa wakati wa kuteremka.

Jambo la pili ni siku yenyewe. Makumbusho ya taifa pamoja na monasteri ya Jerónimos hufungwa siku ya Jumatatu, na Jumapili asubuhi makanisa huwa na ibada, kwa hiyo Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku nzuri zaidi. Majengo ya kale hufungwa mara kwa mara kwa ajili ya ukarabati, wakati mwingine kwa miezi mingi, na ni lazima uangalie taarifa rasmi za kila jengo kabla hujapanga safari. Miezi ya Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba, ina hali ya hewa ya wastani. Julai na Agosti joto huwa kali na umati ni mkubwa, na kuanzia Novemba mvua hunyesha mara nyingi.

Nunua kadi ya usafiri ya Navegante kwenye mashine zilizomo katika vituo vya treni ya chini ya ardhi, kwa kuwa kadi hiyo hutumika pia katika tramu na mabasi. Maji ya bomba ni salama kunywa, kwa hiyo beba chupa yako na uijaze. Pasipoti iache mahali pa usalama unapolala na utembee na nakala yake, maana vibaka hupenda tramu zilizojaa watu, hasa tramu namba 28, ambayo watalii huipanda wakiwa wamesahau mifuko yao ya mgongoni. Tramu hiyo haikosi uzuri, lakini karibu kila inapopita, mtu anayetembea huona zaidi.

Asubuhi: Belém

Panda treni ya asubuhi katika kituo cha Cais do Sodré, kilicho kando ya mto, na uteremke Belém baada ya dakika chache tu. Kabla ya saa tatu asubuhi eneo lote huwa tulivu. Tembea kwanza hadi kwenye Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya mwaka 1514 na 1520 katika enzi ya Mfalme Manuel wa Kwanza ili kuulinda mlango wa mto. Wakati huo mnara ulisimama ndani ya maji, na ni ukingo wa mto uliousogelea baadaye. Utazame kwa nje ukiwa peke yako, uone kamba za mawe zilizochongwa kuuzunguka kana kwamba jengo zima limefungwa gatini. Kwa maoni yangu kuingia ndani si lazima, kwa sababu ngazi zake ni nyembamba na foleni yake ni ndefu, na muda huo utauhitaji kwingine.

Ukirudi mashariki kwa kufuata maji utafika kwenye mnara mkubwa mweupe wenye umbo la merikebu, ambao juu yake wamesimama mabaharia, wafalme, mapadri na wachora ramani, wakiongozwa na Mwanamfalme Henrique, mdhamini wa safari za kwanza za Wareno kandokando ya Afrika. Mnara huo wa mawe ulisimamishwa mwaka 1960, wakati wa utawala wa dikteta Salazar, miaka 500 baada ya kifo cha mwanamfalme huyo, na mwaka mmoja tu kabla ya vita vya ukombozi kuanza nchini Angola. Utazame ukiukumbuka mwaka huo, kwa kuwa unaeleza mengi kuhusu serikali iliyoujenga kuliko kuhusu mabaharia wenyewe. Mbele yake, ardhini, kuna dira kubwa ya marumaru ambayo katikati yake pamechorwa ramani ya dunia na safari za merikebu. Simama juu ya ramani hiyo, uitafute pwani ya Afrika Mashariki, kisha uinue macho uutazame mto. Vasco da Gama aliondoka hapa Belém tarehe 8 Julai 1497, akafika Mombasa mwanzoni mwa Aprili 1498, ambako hakupokewa vizuri, na siku chache baadaye akafika Malindi, ambako mtawala wa mji alimpatia rubani wa kumvusha hadi Calicut nchini India. Bila rubani huyo safari ingekuwa na mwisho mwingine.

Vuka barabara kuu kwa kupitia njia ya chini ya ardhi, uende kwenye monasteri ya Jerónimos. Fika kabla haijafunguliwa, kwa maana baada ya saa nne foleni hujipinda juani. Kanisa la Santa Maria lina mlango na foleni yake, tofauti na ile ya ua wa ndani wa watawa, kwa hiyo uliza kabla hujasimama ili usipoteze saa nzima katika foleni isiyo yako. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na ukaendelea kwa karibu miaka 100. Sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika ushuru wa asilimia 5 uliotozwa biashara iliyotoka Afrika na Mashariki, hasa ya viungo. Ndiyo maana mtu anayezitazama nguzo hizi nyembamba, zinazopanda kama minazi na kutawanya makuti yake darini, anatazama pilipili, karafuu na dhahabu zilizogeuzwa kuwa mawe.

Mara tu unapoingia kanisani, upande wako wa kushoto, chini ya roshani ya waimbaji, liko kaburi la Vasco da Gama, likiwa na sanamu yake amelala, mikono ameifumbata kwa sala. Alifia Cochin nchini India mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Upande wa pili liko kaburi la mshairi Luís de Camões. Watu wengi hupiga picha na kupita. Mimi nakushauri usimame hapo kwa dakika kadhaa bila simu mkononi. Hulazimiki kumheshimu wala kumlaani aliyelala hapo, lakini kwa mtu wa pwani yetu ni vigumu kupata mahali pengine Ulaya ambapo karne mbili za historia ya Mombasa, kuanzia merikebu za mwaka 1498 hadi Waomani walipowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, zinakuwa karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono.

Ua wa ndani wa monasteri, wenye ghorofa mbili za matao yaliyochongwa kama kitambaa cha lesi, unastahili tiketi yake. Tenga dakika 40. Ukitoka, hatua chache mashariki utaona duka ambalo limekuwa likioka vikeki vya kastadi tangu mwaka 1837, na kwa hakika utaona foleni yake. Foleni ya kununua na kuondoka huenda haraka kuliko inavyoonekana. Kula viwili vikiwa moto, na unga wa mdalasini juu yake, kisha uanze safari.

Kutoka Belém hadi Janelas Verdes

Sasa unarudi mtoni, na mto ukiwa upande wako wa kulia unaelekea mashariki kwa kiasi cha kilomita 4. Njia ni tambarare, waendesha baiskeli wana sehemu yao, na kivuli ni haba, kwa hiyo vaa kofia. Utapita chini ya daraja jekundu la chuma linaloitwa Daraja la 25 Aprili. Lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, na jina lake lilibadilishwa baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974. Utalisikia kabla hujafika chini yake, kwa sababu magari hupita juu ya wavu wa chuma na mlio wake hufanana na mzinga wa nyuki.

Baada ya daraja unaingia Alcântara, jina linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya daraja, ingawa lilikuwapo karne nyingi kabla ya hili la chuma. Hapa na katika gati ya Rocha inayofuata ndipo askari vijana wa Ureno walipopandishwa melini kupelekwa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kuanzia mwaka 1961. Waliopelekwa Msumbiji kuanzia mwaka 1964 walikwenda kupigana na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ambacho wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Leo magati haya yana mikahawa na mashua za starehe. Jambo hili litarudi tena alasiri, tutakapofika kiwanja cha Carmo.

Ukiona umechelewa, au mwenzako amechoka, panda tramu namba 15 kutoka Belém na uteremke karibu na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaliyoko katika mtaa wa Janelas Verdes. Jumba hili ni kubwa na mtu anaweza kumaliza siku nzima ndani yake, lakini mwongozo huu unakuleta kwa ajili ya kitu kimoja, nawe usikubali kuondoka bila kukiona. Uliza mlangoni ilipo Custódia de Belém.

Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyesha Ekaristi kwa waumini. Imetengenezwa kwa dhahabu na kupakwa rangi za vioo vilivyoyeyushwa, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja mdogo kama kidole lakini mwenye uso wake. Aliyeifua ni Gil Vicente. Pale chini imezungukwa na maandishi ya Kireno yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba ilimalizika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo katika maandishi hayo, likiwa limeandikwa kwa tahajia ya Kireno cha zamani.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili, mara hii akiwa na kundi kubwa la merikebu za kivita, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akubali kumlipa Mfalme wa Ureno kodi ya utii kila mwaka. Dhahabu iliyolipwa, yapata mithkali 1,500 (mithkali ni kipimo cha zamani cha kupimia dhahabu), ililetwa Lisbon mwaka 1503. Ilikuwa dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ikawa imetajirika kwa kuisimamia biashara hiyo. Mwezi Julai 1505 kundi jingine la Wareno, likiongozwa na Francisco de Almeida, liliuvamia mji na kuupora, kisha likajenga ngome pale kisiwani. Kwa hiyo Gil Vicente alipoweka chini nyundo yake ya mwisho mwaka 1506, mji ulioitoa dhahabu ile ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani unaweza kuyatembelea mkoani Lindi, na Msikiti Mkuu bado una kuta na kuba zake, lakini kipande cha dhahabu yake kinachojulikana kwa jina na kwa mwaka kiko hapa, nyuma ya kioo, umbali wa hatua chache kutoka mtoni.

Kaa nacho. Kizunguke. Kama umesafiri na watoto, wasomeshe herufi za jina la Kilwa mmoja mmoja, wazitafute wenyewe. Kazi ya fundi ni ya ajabu, na hakuna sababu ya kuukana uzuri wake kwa sababu ya njia iliyoifikisha dhahabu mikononi mwake. Mambo hayo mawili yako pamoja katika kitu kimoja, na mtazamaji anapaswa kuyabeba yote mawili.

Bustani ya jumba hili ina mkahawa unaotazama mto, na ni mahali pazuri pa kula mchana. Ijulikane kwamba katika mikahawa ya Ureno mkate, zeituni na jibini huwekwa mezani kabla hujaagiza chochote, na ukivigusa utavilipia. Kuvirudisha kwa upole si utovu wa adabu. Asiyekula nguruwe aseme "sem porco", na awe mwangalifu na supu ya mboga za majani, kwa kuwa mara nyingi hutiwa vipande vya soseji. Samaki ni chaguo salama: dagaa wakubwa wa kuchoma wakati wa kiangazi, au bacalhau, ambaye ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi kama ng'onda wetu, kisha akarowekwa na kupikwa. Katika vioski vya vitafunio utaona pia chamuças. Hizo ni sambusa, zilizofika Ureno na watu wa Goa na Msumbiji. Uliza zina nyama gani ndani.

Utakapoagiza utagundua pia kwamba lugha hii si ngeni kama ulivyodhani. Meza wao huiita mesa, bendera ni bandeira, leso ni lenço, foronya ni fronha, na parafujo ni parafuso. Kanisa huitwa igreja, na wataalamu wengi wa lugha huliona neno hilo kuwa ndilo asili ya neno letu gereza. Ngome ya zamani iliyoko Kilwa Kisiwani huitwa Gereza mpaka leo.

Alasiri: Madragoa, Carmo na Rossio

Toka kwenye jumba la makumbusho kwa kufuata mtaa wa Janelas Verdes kuelekea mashariki, ukiingia pembezoni mwa Madragoa. Mtaa huu wa vichochoro na nguo zilizoanikwa madirishani uliitwa zamani Mocambo, jina lenye asili ya Kiafrika, na ulikaliwa na Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru. Katikati ya karne ya 16 kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi wa Lisbon alikuwa mtumwa. Mbele kidogo utafika mtaa wa Poço dos Negros, yaani Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliofariki, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikiachwa bila kuzikwa, na inaaminika kwamba jina la mtaa lilitokana na shimo hilo. Ni mfalme yule yule, miaka tisa baada ya monstransi. Leo pana maduka ya kahawa na ya vitu vya sanaa, na tramu namba 28 hupita katikati. Pita hapo polepole.

Fuata reli za tramu kupanda mlima hadi uwanja wa Luís de Camões, kisha upinde kushoto kidogo kupitia Chiado mpaka Largo do Carmo, kiwanja kidogo chenye miti ya kivuli. Upande mmoja ni magofu ya kanisa la watawa wa Karmeli lililoanzishwa mwaka 1389. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, likafuatwa na tsunami iliyopanda mto na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Paa la kanisa hili liliporomoka, na baadaye ikaamuliwa lisirudishwe kamwe. Matao yake sasa yamebeba anga tupu. Ukiwa na nguvu ya kuingia jengo moja tu alasiri hii, ingia hili.

Upande wa pili wa kiwanja ni kambi ya askari, na hapo ndipo Kapteni Salgueiro Maia na askari wake walipomzingira Waziri Mkuu Marcelo Caetano tarehe 25 Aprili 1974 hadi alipokabidhi madaraka. Wananchi walitia maua ya carnation katika mitutu ya bunduki. Maafisa hao walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika visivyo na mwisho, vita vile vile ambavyo askari wake uliwakumbuka asubuhi ulipopita magatini. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kwa msomaji kutoka Tanzania, ambayo iliwapa wapiganaji makazi na kambi na ikapoteza raia wake katika mashambulizi ya mpakani, kiwanja hiki kitulivu chenye chemchemi katikati ni sehemu ya historia ya nyumbani.

Nyuma ya magofu kuna baraza pana linalotazama mji, lililoungana na lifti ya chuma ya Santa Justa iliyofunguliwa mwaka 1902. Mandhari ya barazani yanatosha. Foleni ya lifti iache. Teremka kwa ngazi hadi Rossio, uwanja uliotandikwa mawimbi ya mawe, na upande wake wa kaskazini mashariki uingie Largo de São Domingos. Kila siku utawakuta hapo wanaume na wanawake wa Kiafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, wakizungumza, wakiuza karanga, kola na viungo. Hawakuja hapa kwa bahati: kanisa la São Domingos lilikuwa makao ya chama cha Wakristo weusi tangu zama za utumwa. Mnara mdogo wa jiwe unakumbusha mauaji ya Wayahudi waliolazimishwa kuwa Wakristo, yaliyoanzia kanisani humo mwaka 1506. Ndani, nguzo bado zina makovu ya moto wa mwaka 1959, nayo yameachwa bila kufunikwa.

Kutoka hapo tembea kusini moja kwa moja katika mitaa ya Baixa, iliyopangwa kwa kamba na rula baada ya tetemeko chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Ndani ya kuta za nyumba hizi kuna fremu za mbao zilizounganishwa kama tenga, ili nyumba icheze bila kuanguka ardhi itikisikapo. Mtaa wa mafundi dhahabu unaitwa Rua Áurea. Mwisho wake ni Praça do Comércio, uwanja mkubwa uliofunguka mtoni. Hapa lilisimama jumba la mfalme, na kando yake Casa da Índia, ofisi iliyopokea na kuhesabu mali yote iliyotoka Afrika na Mashariki, mpaka maji ya mwaka 1755 yalipozichukua. Kwenye ukingo, ngazi za marumaru huzama majini kati ya nguzo mbili. Maji yakiwa yamepwa unaweza kuteremka mpaka chini. Yakianza kujaa, panda mapema, kwa kuwa ngazi hizo zina utelezi wa mwani.

Jioni: Alfama na Graça

Kutoka uwanjani elekea mashariki ukipanda hadi kanisa kuu, Sé, lililoanza kujengwa baada ya Mfalme Afonso Henriques kuuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, mahali ulipokuwa msikiti. Baada ya hapo unaingia Alfama. Jina lake ni la Kiarabu na linahusu maji ya moto, shina lile lile lililotupa sisi neno hamamu. Mtaa huu umejengwa juu ya mwamba, kwa hiyo tetemeko liliuacha na vichochoro vyake vya kale, vyembamba kama vya Lamu, vinavyopinda ili kukata jua na upepo. Usitumie ramani hapa. Kanuni ni moja: ukiteremka utafika mtoni, ukipanda utafika ngomeni. Punguza sauti, maana madirisha yako usawa wa bega na watu wanaishi ndani yake.

Panda hadi baraza la Santa Luzia, ambalo ukuta wake wa vigae vya buluu unaonyesha Praça do Comércio ilivyokuwa kabla ya tetemeko, uilinganishe na ile uliyotoka kuiona. Ngome ya São Jorge iko juu yako, lakini sehemu kubwa ya kuta zake ilijengwa upya karibu mwaka 1940, na kwa siku hii moja naona inaweza kusubiri. Afadhali, kama muda upo, upite kwenye kanisa la Santa Engrácia, lililoanza kujengwa mwaka 1682 na kupata kuba lake mwaka 1966. Humo amezikwa Eusébio, mwanasoka aliyezaliwa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, aliyeifungia Ureno mabao 9 katika Kombe la Dunia la mwaka 1966.

Malizia kwenye baraza la Senhora do Monte, juu ya Graça, ambalo linatazama magharibi. Wakati wa kiangazi jua hutua karibu saa tatu usiku, na Desemba hutua baada ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo hesabu muda wako kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Utaliona daraja jekundu, na nyuma yake mahali mto unapoelekea Belém na bahari. Kisha teremka kwa ngazi hadi Mouraria, mtaa waliopewa Waislamu waliobaki baada ya mwaka 1147, ambao leo una mikahawa mingi ya Wabangladeshi na Wapakistani inayouza nyama halali, pilau na chai ya maziwa mpaka usiku. Kituo cha Martim Moniz kiko hapo hapo chini, na treni ya mstari wa kijani itakurudisha Cais do Sodré bila kubadilisha.